Wakho, Wakhoisan na swali la "kabila lako?"

*Mbukwenyi wahariri. Mimi ni Msandawe wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Kijana wangu amekutana na "Wakho" akisoma mambo ya Pakistani, na sasa ameshikilia kwamba ni ndugu zetu, maana shuleni aliambiwa Kisandawe ni lugha ya Kikhoisan. Ni kweli?*

Mbukwa mzee wetu. Mwambie majina yamegongana tu. "Khoisan" ni neno la kutengenezwa: Mjerumani Leonhard Schultze aliliunda mwaka 1928 kwa kuunganisha majina mawili ya watu wa kusini mwa Afrika. Kisandawe kilitiwa humo kwa sababu ya vidoko vyake, yaani sauti za kualisha ulimi, na siku hizi wanaisimu wengi hawaoni kwamba vidoko vinatosha kuthibitisha undugu. Kihadzabe, nacho cha vidoko, ndiyo kabisa, wanakiacha kisimame peke yake.

Wakho wako Chitral, mabonde ya milima ya Hindu Kush kaskazini magharibi mwa Pakistani, kwenye mlima Tirich Mir wenye mita 7,708. Lugha yao ni Khowar: *Kho* ni watu, *war* ni lugha. Kazi ambayo sisi tunaifanya mwanzoni mwa neno kwa *wa-* na *ki-*, wao wanaifanya mwishoni. Ni lugha ya jamii moja pana na Kiurdu, na haina kidoko hata kimoja. Hiyo *kh* nayo si ya "sabalkheri". Ni *k* yenye pumzi, kama mtu wa Lamu anavyotamka kaa wa baharini ili usidhani anasema kaa la moto.

Akitaka kuendelea, asiseme Mkho na Mchitrali ni kitu kimoja, kosa ambalo hata Wapakistani wa mbali hulifanya. Chitral ni mahali. Sensa ya 2017 ilihesabu huko watu wapatao 447,000, na wengi wao ni Wakho, lakini zipo pia lugha nyingine: Kikalasha, Kipalula, Kidameli, Kiyidgha, Kiwakhi, Kipashto na nyinginezo. Bonde la Madaklasht wanaongea Kiajemi. Na wapo Wakho wasio Wachitrali, kama wale wa Ghizer, upande wa mashariki.

Dini nayo haikusaidii kuwatenga. Wakho ni Waislamu, Wasunni kwa Waismailia, na Waislamu pia ni majirani zao karibu wote. Wakalash wa mabonde ya Bumburet, Rumbur na Birir ndio wanaojulikana kwa kushika dini yao ya kale, ingawa lugha yao ndiyo iliyo karibu zaidi na Khowar. Mkalash akisilimu huitwa *Shekh*, na mara nyingi watoto au wajukuu wake hukua wakiongea Khowar. Baada ya vizazi viwili vitatu, familia imekuwa ya Kikho bila kuhama nyumba. Kwetu Kondoa, Waalagwa wengi wamehamia Kirangi kwa njia inayofanana na hiyo.

*Ninasoma chuo hapa Dodoma. Dodoso langu la majaribio huko Kondoa lilikuwa na swali moja, "Kabila lako?" Nimepata "Mkondoa", "Mwislamu", "Mswahili" na "Mmang'ati". Nifanyeje?*

Waliokujibu hawana kosa, dada. Umeuliza mambo manne kwa mpigo. Yagawanye: watu wa kwenu mnajiitaje, ulianza kuongea lugha gani utotoni, na sasa nyumbani mnaongea ipi, baba ni wa watu gani, na mama je, umezaliwa kijiji gani. Dini iulize kwingine kabisa, mbali na haya, la sivyo itavuta majibu kuelekea kwake.

Usiweke orodha ya kuchagua. Sensa ya Pakistani ya 2017 ilikuwa na orodha fupi ya lugha, Khowar haikuwamo, na waongeaji wake wote wakamezwa na kisanduku cha "nyingine". Andika neno kama lilivyotamkwa, ruhusu majibu mawili, halafu upange mafungu ukiwa mezani. Hapo ndipo penye mtego. "Mmang'ati" na "Mdatoga" ni mtu yuleyule, ila la kwanza ni jina la kubandikwa na Wamaasai, lenye maana ya adui. "Mbulu" mara nyingi ni Mwiraqw aliyeitwa kwa jina la mji. Usipoyaunganisha utahesabu watu wawili mahali pa mmoja. Ukiyaunganisha bila kutunza neno la awali, hutaweza kurudi nyuma ukigundua umekosea.

Jaribu upya kwa watu kumi hivi, na wachanganye: Mrangi, Mburunge, Msandawe, Mdatoga. Ukanda huo una Kibantu, Kikushi, Kinailoti na lugha za vidoko kwa pamoja, kwa hiyo swali likipita hapo litapita popote. Na usihangaike kulinganisha na sensa ya 2022. Nchi hii iliuliza kabila mara ya mwisho mwaka 1967.

*Baba Mgogo, mama Mkaguru wa Mpwapwa, sisi tumezaliwa Area C na Kiswahili ndicho tunachokijua. Tuandike kabila gani?*

Kwa mila mna pawili. Wagogo huhesabu ukoo kwa baba, kwa hiyo kwao ninyi ni Wagogo. Wakaguru huhesabu kwa mama, kwa hiyo wajomba zenu nao wanawahesabu kuwa wao. Andikeni yote mawili, na nafasi ikiwa ndogo, lile mnalolijibu mkiulizwa njiani. Wenye kesi ngumu ni wale ambao baba ni Mkaguru na mama ni Mgogo, maana kwa hesabu hizo hakuna upande unaowahesabu.