Betri mpya, Jumatatu gari haliwaki

SWALI: Betri ya Toyota IST yangu ina miezi minne tu. Siku za kazi gari linawaka vizuri, ila nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri stata inalia "tik-tik-tik" basi. Fundi anasema betri ni feki, ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usitoe hela bado. Ijaze kwanza kwa chaja ya ampea 3 au 4 usiku kucha, kwani safari za dakika kumi mjini haziijazi. Iache itulie saa kadhaa, kisha pima kwa mita ya umeme: iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ijumaa vua waya wa hasi. Jumatatu ikisoma 12.5 au zaidi, betri haina kosa, gari ndilo linaloinywa. Ikiwa imeshuka sana, fundi wako amesema kweli. Irudishe dukani na risiti yake.

Kumtafuta mnywaji: zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye waya wa hasi uliovuliwa, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Subiri nusu saa, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kawaida isizidi ampea 0.05. Ukikuta 0.4, zidisha kwa saa 60 za wikendi: ampea-saa 24 zimekwenda, na betri ndogo kama yako hubeba 35 hivi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi ni redio au king'ora kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozimika. Fyuzi zote zikitoka na namba isitikisike, shuku altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka: diodi zake, zinazozuia umeme kurudi nyuma, huenda zimeharibika.

SWALI: Betri yangu ya maji inakauka kila mwezi. Niongeze maji makali (asidi)?

JIBU: Hapana! Asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, yafunike sahani za risasi zilizo ndani kwa milimita 10 hivi. Ya bombani yana chumvi. Joto la pwani huchangia, lakini kila mwezi ni mno. Pima injini ikinguruma: kawaida ni volti 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, altaneta inazidisha chaji. Badilisha regyuleta, kifaa chake cha kudhibiti volti, kabla sahani hazijaharibika.