Kyoto: tarehe ya msafara kwanza, tiketi baadaye

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unafika Kyoto, Japani, jioni ya tarehe 25 Julai kuona tamasha la Gion Matsuri, na wakala kakuhakikishia usiwe na wasiwasi kwa kuwa tamasha ni la mwezi mzima. Hujalipa bado? Usilipe.

Mimi niliuziwa hiyo hiyo "mwezi mzima". Na ubaya wake ni kwamba si uongo: ibada za hekalu la Yasaka zinaanza tarehe 1 Julai mpaka 31. Ila kile ulichokiona kwenye picha, yale magari ya mbao yenye mlingoti unaofika mita 25, yanavutwa barabarani siku mbili tu. Tarehe 17 yanapita 23, tarehe 24 yanapita 11. Kwisha. Wala usidhani kesho yake utayakuta yamepaki upige selfi. Yanavunjwa vipande vipande siku hiyo hiyo, maana kazi yake ni kukusanya pepo wa maradhi mitaani (mambo haya yalianza mwaka 869 kwa ajili ya mlipuko wa magonjwa), na akishakusanywa hakuna anayetaka alale mjini.

Mimi nilikuta mtaa wa Shijo una mabasi na watu wanaowahi kazini. Tiketi haibadilishwi, hoteli nimelipa bei ya msimu. Nampigia wakala, ananijibu, "Lakini bosi, tamasha si bado linaendelea?" Kweli lilikuwa linaendelea, hekaluni, bila magari. Huyo jamaa Kyoto anaijua kwa picha ya kalenda ya ukutani, tena nadhani yake haina tarehe. Komisheni lakini alikula yote.

Kwa hiyo fika tarehe 14 au 15. Jioni za tarehe 15 na 16 Shijo inafungwa, unatembea katikati ya barabara, taa za karatasi zinawaka, vibanda vya chakula kila kona. Usije ukashawishiwa kusubiri awamu ya pili, ile ya tarehe 24, ukitegemea hayo, vibanda hamna. Tarehe 17 msafara unaondoka saa tatu asubuhi, gari liitwalo Naginata Hoko likiwa mbele. Wahi kona ya Shijo na Kawaramachi. Magurudumu hayakati kona, kwa hiyo wanatandika mianzi iliyopasuliwa, wanaimwagia maji, kisha wanalivuta gari la tani kama 12 kwa ubavu mpaka ligeuke. Aisee! Natoa ushuhuda wa YouTube hapa, usinicheke.

Na si Gion peke yake. Aoi Matsuri ni 15 Mei, mioto ya milimani 16 Agosti, Jidai Matsuri 22 Oktoba. Ukikosa siku, unasubiri mwaka. Wakala akikwambia "mwezi wa saba", muulize tarehe. Akisema "mwishoni mwishoni hivi", kata simu.

Hekalu la Fushimi Inari halina kiingilio wala halifungwi usiku, nenda alfajiri kabla makundi hayajafika. Pasi ya treni ya Japani nzima ya siku 7 ilipandishwa mpaka yen 50,000 Oktoba 2023, na kama unatua Osaka na kuishia Kyoto huihitaji.

Ulikuwa umeuliza na mengine, wadau watakujibu. Wewe niandikie tarehe mpya hapa kabla hujamtumia huyo mtu hata senti.