Rupia mbili za 1891, MS62 au AU58? Jibu kwa ndugu wa Moshi

Ndugu yangu wa Moshi, swali lako nimelisoma mara tatu kabla ya kukaa kuandika. Umepata rupia mbili za mwaka 1891, zile za kampuni ya Wajerumani zenye Kaizari Wilhelm wa Pili na kofia ya tai upande mmoja, simba na mtende upande wa pili. Zote zimefungwa kwenye plastiki ya wapimaji wa ubora wa sarafu. Moja ni MS62, yaani daraja la sarafu isiyotumika, nyingine AU58, iliyotumika kidogo sana, na ile ya MS62 bei yake ni karibu mara mbili. Moyo wako umependa ile ya bei ndogo, lakini kila unayemuuliza anakwambia fuata namba. Mimi nakwambia fuata macho yako, kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yanayofanya niandike kirefu.

Mimi ni fundi saa, kibanda changu kipo jirani na Soko Kuu, Arusha. Kioo cha kukuzia kinakaa jichoni kwangu asubuhi hadi jioni. Sarafu zilianza kunijia zenyewe: mteja analeta saa ya babu yake, na kwenye mfuko uleule mna rupia, heller (senti za Mjerumani) mbili tatu na senti kumi za Mwingereza zenye tundu. Ananiuliza kama zina thamani. Basi nikaanza kujifunza ili nisimdanganye mtu, na mpaka leo sijaacha.

Hiyo namba inayokusumbua ina historia yake. Mizani ya 1 hadi 70 ilitungwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani za kwao. Ilikuwa hesabu ya bei: sarafu ya 70 iuzwe mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, namba ikabaki. Kampuni za Marekani za kupima sarafu, PCGS walipoanza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, waliichukua namba hiyo na kuanza kufunga sarafu kwenye plastiki. Kuanzia 60 kwenda juu maana yake sarafu haijawahi kutumika sokoni. 58 imeguswa kidogo sana, pale palipoinuka tu.

Sasa fikiria. Sarafu ambayo haijatumika ilitoka kiwandani ikiwa ndani ya gunia pamoja na wenzake mamia, ikapakiwa melini, ikabebwa, ikamwagwa mezani ikahesabiwa. Fedha kwa fedha zinagongana. Haijachakaa, ndiyo, lakini shavu la Kaizari limejaa vidonda. Ndivyo zilivyo nyingi za 60, 61 na 62. Ile ya 58 huenda ilipita mikono michache, ikafungwa kwenye kitambaa na kusahauliwa. Imepoteza ukali kidogo kwenye bawa la tai na kwenye mwili wa simba, basi. Nimewawekea watu mezani sarafu za aina hizo mbili bila kuwaonyesha namba, tena watu wasiokusanya chochote, na karibu wote waliichukua 58.

Wapimaji wenyewe wanalijua hili. NGC huweka nyota kando ya namba pale sarafu inapokuwa na mvuto kuliko kawaida ya daraja lake. Na John Albanese, huyohuyo aliyeanzisha NGC, mwaka 2007 alianzisha CAC, kazi yake kutazama sarafu za Marekani ambazo tayari zimeshapimwa na kubandika stika ya kijani kwenye zile zilizo imara ndani ya daraja lake. Mtu aliyesaidia kuijenga namba amerudi baada ya miaka 20 kusema namba peke yake haitoshi. Mimi hilo nililichukua kwa uzito sana.

Nikueleze rupia iliyonifundisha. Mzee mmoja wa Kibosho alikuja kubadilishiwa betri, akatoa kopo la dawa la bati, ndani kuna kitambaa cha pamba kilichokuwa cheupe zamani. Akakifungua taratibu. Rupia ya 1892. Niliishika ukingoni, nikaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikaiinamisha. Ukingoni palikuwa na buluu iliyokoza, ikiingia ndani inageuka zambarau, halafu rangi ya asali, na katikati shavu la Kaizari limebaki jeupe la fedha. Kila nikiizungusha, mng'ao ulikuwa unatembea chini ya rangi, unazunguka kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Sikusema kitu kwa dakika nzima, hadi mzee akaniuliza kama nimeona ubovu.

Rangi ile si uchafu. Fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, kwenye kitambaa au kwenye karatasi, hufanya utando mwembamba, na unene wa utando ndio unaoamua rangi: kwanza manjano, kisha wekundu wa zambarau, kisha buluu, na ukizidi sana huwa mweusi. Inachukua miaka mingi. Wapo wanaoipika kwa moto au kwa dawa ndani ya siku moja. Utaitambua kwa sababu rangi ya kupikwa hulala juu kama rangi ya ukutani, inapita juu ya mikwaruzo bila kujali, na chini yake hakuna mng'ao unaotembea.

Mzee hakuuza siku ile. Aliuza mwaka uliofuata, kwa bei niliyomtajia tangu mwanzo, kwa sababu nilimwambia ukweli wa thamani yake. Baadaye niliipeleka ipimwe. Ilirudi AU55. Kwa namba, hata ile 58 yako inaishinda. Sijawahi kuona MS63 ambayo ningebadilishana nayo.

Upande wa pili wa habari ni huu, nao bado unaniuma. Baba yangu aliniachia rupia moja ya 1904, ile ya serikali yenyewe, si ya kampuni. Ilikuwa ya kijivu iliyokoza. Nilikuwa kijana, nikaisugua kwa majivu na limao mpaka ikametameta, nikamwonyesha mama kwa furaha. Miaka mingi baadaye niliituma pamoja na nyingine, ikarudi bila namba, imeandikwa tu kwamba imesafishwa. Ukiitazama kwa kioo unaona mistari myembamba elfu, yote inaelekea upande mmoja, upande wa mkono wangu. Kwa mtu asiyejua, inang'aa kuliko zote nilizonazo. Kwa hiyo nisikudanganye: macho yasiyofundishwa nayo yanapotea. Kung'aa si mng'ao. Mng'ao wa asili unatembea ukiinamisha sarafu. Kung'aa kwa kusugua kumesimama palepale.

Ndiyo maana sharti la kwanza nakuwekea ni kwamba plastiki usiidharau. Inakuhakikishia vitu ambavyo mimi na wewe tunaweza kukosea: kwamba ni halali na haikusafishwa. Rupia halali ina gramu 11.66 na upana wa takriban milimita 30.5, na mizani ndogo ya sonara itakusaidia kwa ile isiyofungwa, lakini iliyofungwa huwezi kuipima. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima. Pakiwa na picha, linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana plastiki bandia zipo.

Sharti la pili, usinunue kwa picha moja. Mimi nilinunua MS64 nje ya nchi kwa picha nzuri sana, shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma yake. Ilipofika, ilikuwa imekufa. Hakuna jina lingine. Mikwaruzo haikuwepo, namba ilikuwa sahihi kabisa, lakini uso ulikuwa wa kijivu kilichofifia, na doa jeusi mbele ya pua ya Mfalme George. Nilikuwa nikifungua sanduku naipita. Niliiuza kwa hasara na sikuisikitikia.

Halafu kuna maneno ya wauzaji, "bora kuliko zote zilizopimwa". Kwa sarafu za dola za Marekani, zilizopimwa kwa wingi mno, maneno hayo yana uzito. Kwa sarafu zetu, ngapi zimetumwa? Nyingi bado ziko kwenye makopo ya Kibosho, Machame na Usangi. Kuwa wa kwanza kati ya chache usikulipie bei ya kuwa wa kwanza kati ya zote.

Na ukija kuvutiwa na zile za Tabora za 1916, namba itakusaidia kidogo zaidi. Wajerumani walizipiga katika karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa vyuma vya kuungaunga. Heller 20 nyingi zilitoka zimefifia au zimepinda katikati siku ileile ya kuzaliwa. Kwenye hizo mimi huangalia taji na tarehe, kama zimesimama vizuri, na rangi ya shaba kama haijaguswa. Daraja nalisoma mwisho.

Turudi kwako. Kwenye picha uliyoweka, ile 58 ina rangi ya asali ukingoni na shavu safi. Ile 62 ina kovu refu kutoka kwenye jicho hadi kwenye sharubu, na hilo utaliona kila siku utakayoitoa. Ningekuwa wewe ningechukua 58, na fedha inayobaki ningeiweka kwa ajili ya nyingine. Lakini kwenye 58 kuna kivuli kidogo nyuma ya shingo ya simba, na kwa picha sijui kama ni kivuli cha plastiki au ni doa la kijani. Kama ni la kijani, linaweza kuendelea kula fedha humohumo ndani, acha. Mwombe muuzaji akae dirishani asubuhi, taa azime, ainamishe sarafu polepole na kukurekodia video pande zote mbili. Akikutumia iweke hapa, jioni nikifunga kibanda nitaitazama.