Pushapu 50 Hazitakunyanyulia Kilo 70

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Bro, napiga pushapu 50 bila kupumzika, ila nikilala benchi na kilo 70 chuma kinanilalia kifuani. Nina tatizo gani?"

Huna tatizo lolote, mdogo wangu. Ukipiga pushapu hunyanyui mwili mzima. Mikono inabeba takriban theluthi mbili ya uzito wako, uliobaki uko miguuni. Kama una kilo 65, unasukuma kilo arobaini na kitu. Umezisukuma mara nyingi, umekuwa hodari wa kuzisukuma mara nyingi. Kilo 70 hamjawahi kukutana, zikukubali kwa lipi?

Nakujibu kwa kirefu kwa sababu na mimi nimetokea huko huko. Tizi nimeanzia Temeke, uani kwa jamaa mmoja: bomba la maji, kila upande kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege. Kopo moja lilikaribia kilo 10. Ukilala, chembe za saruji zinakudondokea machoni, na bomba likishapigwa na jua la mchana unatafuta kitambaa cha kulishikia. Chuma cha pili, cha wakubwa, kilikuwa cha ndoo za lita 20, na zege la ndoo kama hiyo ni karibu kilo 50. Piga hesabu: kutoka kilo ishirini na kitu unarukia mia. Katikati hakuna kitu. Sasa asiyeiweza mia afanye nini zaidi ya kurudia kile chepesi mara 30, mara 40, mpaka mikono itetemeke? Ndiyo maana wengi wetu wa uswahilini tumekua tukiamini tizi ni kuhesabu.

Nilipoanza kushika hela yangu nikahamia gym ya kulipia, yenye vioo, na vyuma vya pembeni vya kila saizi hadi vile vidogo vya kilo 1.25. Nikawa napiga mizito, mara 5, nakaa dakika tatu, narudi. Mwalimu wa pale akanijia mbele ya watu: "Bwana, hapa si kijiwe cha kahawa." Wakacheka wote, hadi akina dada waliokuwa kwenye baiskeli. Nakumbuka mpaka rangi ya fulana aliyovaa. Yeye alitaka kila mtu apige 20, 20, atoke jasho, eti mizito ni ya mabaunsa.

Zile dakika tatu zina kazi. Msuli una akiba yake ya nguvu ya haraka, inayotumika ndani ya sekunde chache ukisukuma kitu kizito, na inahitaji kama dakika tatu kurudi kwa sehemu kubwa. Ukirudi benchi baada ya sekunde 40 utapiga, sawa, lakini kwa uzito mdogo, na hapo unazoesha stamina.

Wala si elimu ya jana. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, ambaye naye alikuwa mpiga vyuma, aliandika kuhusu majeruhi wa vita aliokuwa akiwatibu kwa kuwabebesha uzito mkubwa na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Alisema wazi: uzito mkubwa marudio machache hujenga nguvu, uzito mdogo marudio mengi hujenga ustahimilivu. Mwaka 2015 mtafiti wa mazoezi, Brad Schoenfeld, na wenzake wakawapima wanaume wazoefu wa vyuma kwa wiki 8, kundi moja likipiga marudio 8 hadi 12, jingine 25 hadi 35. Misuli ilikua karibu sawa. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, wa mizito waliongeza nguvu zaidi. Kwenye kurudia chuma chepesi benchi, wa mepesi waliwashinda.

Kwa hiyo jiulize unataka nini, uache kuiga wa jirani. Unacheza mpira, unakimbia asubuhi, unajiandaa na usaili wa jeshi? Piga mengi, 20 na kuendelea, pumzika kidogo. Unataka kusukuma kilo 70? Piga mara 5, seti (mizunguko) 5, pumzika dakika tatu kati ya seti na seti, ongeza kilo 2.5 ukizimaliza zote vizuri. Vijana hamtaki kusikia habari ya kilo 2.5, mnataka kuruka. Nawaambia ongezeni kidogo kidogo. Na dada zangu, uzito hauwageuzi wanaume, acheni kuogopa.

Jumamosi iliyopita nimesukuma kilo 110, mara mbili, bila mtu kugusa chuma. Yule mwalimu alikuwepo. Alikuwa anaangalia simu.

Ukianza mizito, mwombe mtu asimame kichwani kwako, na umwambie kabla unapiga ngapi. Ukikosa mtu kabisa, usifunge vibano vya pembeni. Chuma kikikulalia, kiinamishe upande mmoja vyuma vimwagike, kisha upande wa pili. Kelele zitakuwepo na gym nzima itageuka kukutazama. Afadhali hivyo kuliko kuitia "saidieni" ukiwa na kilo 70 shingoni.