Gari, kadi ya mkopo na zile pointi

Mwezi huu nimeletewa maswali mengi kuhusu kadi za mkopo za benki, zile zinazokupa pointi au kukurudishia hela kidogo kila unapolipa. Wengi mna ndugu nje wanaozisifia, na sasa mnataka kujua kama zinaweza kununua gari. Nimechukua sita.

Habari dada. Kadi yangu ya mkopo inanipa pointi zenye thamani ya asilimia 1 ya kila ninacholipa. Kuna Toyota IST nimeipenda yadi, Sh milioni 18. Nikiilipia yote kwa kadi, si nitapata 180,000 za bure? (Njiro, Arusha)

Kaka, za bure hazipo hapo. Ukichanja kadi, muuzaji hapokei milioni 18 kamili. Benki inamkata ada, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 3, na pointi zako zinatoka kwenye ada hiyohiyo. Kwenye mafuta ya kula na sabuni za supamaketi huioni, imeshafichwa kwenye bei. Kwenye gari haifichiki.

Juzi niliingia yadi moja hapa mjini nikamuuliza muuzaji kama anapokea kadi. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akapiga asilimia 3 ya milioni 18, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 540,000. "Dada, hiyo ni hela ya matairi manne," akasema. "Ukitaka kadi, tunaiongeza kwenye bei. Ukihamisha benki kwa benki, tunaongea."

Shika hilo neno "tunaongea". Ukilipa kwa kadi unaongezewa 540,000 ili upate pointi za 180,000 na ushei. Ukihamisha, bei inaanza kushuka, na laki tatu kupunguziwa kwenye gari la milioni 18 si jambo la ajabu ukijua kukaa kwenye kiti na kunyamaza.

Na riba sijaigusa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya kadi, riba huna. Ukibakiza, tuseme kadi yako ina riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi: mwezi wa kwanza tu ni 360,000. Hizo ni pointi zako zote, mara mbili.

Nina kampuni ndogo ya safari na mashine ya kadi ninayo ofisini. Nikichanja kadi yangu kwenye mashine yangu, hela ikaingia akaunti ya kampuni, nikaongezea kununua Land Cruiser, si nitakuwa nimewakwepa wa yadi na pointi nikazipata? (Sakina, Arusha)

Usifanye, tafadhali. Ada utajikata mwenyewe, maana mashine haijui kama mteja ni wewe. Kubwa zaidi, benki inaona mwenye kadi na mwenye mashine ni mtu mmoja na hakuna huduma iliyouzwa. Mikataba ya mashine hizi hukataza jambo hilo. Wakikufungia mashine mwezi Julai wageni wamejaa, hasara yake haina hesabu. Kwa gari la kazi, zungumza na benki kuhusu mkopo wa gari wa kawaida, gari lenyewe likiwa dhamana.

Shikamoo dada. Kaka yangu yuko Reading, Uingereza. Ananunua gari la pauni 12,000 na rafiki yake amemwambia alipe pauni 200 kwa kadi ya mkopo, nyingine ahamishe benki. Hizo pauni 200 zina faida gani? Pointi zake si chache mno? (Kiboriloni, Moshi)

Marahaba. Huyo rafiki ni wa kushikwa mkono. Pointi za pauni 200 hazifiki hata bei ya chakula cha mchana, lakini hazikuwa lengo.

Uingereza ina sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974, na kifungu chake cha 75 kinasema hivi kwa lugha yetu: kitu kikiwa na bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, na mteja akalipia sehemu yake kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inabeba wajibu pamoja na muuzaji. Na wajibu huo ni wa bei yote. Gari likija na giaboksi mbovu, au muuzaji akafunga ofisi kabla ya kulikabidhi, kaka yako anaweza kuidai kampuni ya kadi pauni 12,000 zote, ingawa kwa kadi alilipa 200 tu. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata hela zako mwenyewe, haina kinga ya kifungu hicho.

Awe mwangalifu kwa mambo mawili: kadi iwe ya jina lake, na malipo yaende moja kwa moja kwa anayemuuzia gari. Asitozwe nyongeza kwa sababu ya kutumia kadi, maana huko wauzaji walikatazwa kuwatoza wateja wa kawaida nyongeza hiyo tangu Januari 2018.

Mimi ningependa sana tuwe na kifungu kama hicho hapa kwetu. Ningekuwa na barua chache za kusikitisha za kujibu.

Mwanangu, binti yangu yuko Houston. Anasema atalipia gari jipya lote kwa kadi apate maili za ndege aje nyumbani Krismasi. Ni kweli? (Marangu)

Shikamoo mama. Nusu ni kweli. Wauzaji wengi wa magari Marekani huweka kikomo cha kadi, mara nyingi dola elfu tatu hadi elfu tano, kwa sababu ileile ya ada. Zinazobaki atahamisha au atakopa. Ila kadi nyingi mpya za huko hutoa zawadi kubwa ya maili ukitumia dola elfu kadhaa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na malipo ya awali ya gari yanaweza kuifikia zawadi hiyo kwa mara moja. Muulize kitu kimoja tu: hela ya kulipa deni hilo anayo benki leo? Kama anayo, afanye, nawe jiandae kumpokea uwanja wa ndege wa KIA. Kama hana, riba za kadi huko hupita asilimia 20 kwa mwaka, na nauli ya kawaida itakuwa rahisi kuliko hizo maili.

Naagiza Noah kutoka Japani. Nilipe kwa kadi au kwa TT? (Usa River)

Wauzaji wengi wa Japani hutaka TT, yaani hela inayotumwa kutoka benki yako hadi benki yao, na wanaopokea kadi huipokea kwa kiasi kidogo. Kama wa kwako anapokea, lipa ya utangulizi kwa kadi, maana gari lisipoletwa unaweza kuiandikia benki yako pingamizi, mara nyingi ndani ya siku 120. TT ni maji, yakimwagika hayazoleki. Kabla ya kutuma, linganisha jina la akaunti na jina la kampuni kwenye proforma, ile ankara ya awali wanayokutumia. Ukipata barua pepe inayosema akaunti imebadilika, simama. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, usitumie iliyo kwenye barua hiyo.

Na fungua kikokotoo cha magari cha TRA kabla ya yote. Ushuru unatokana na thamani waliyoiweka wao, na gari likiwa na umri mkubwa unaongezeka.

Dada, mimi nimeshachelewa. Nililipa milioni 6 za utangulizi kwa kadi, sasa nalipa kima cha chini kila mwezi. Nifanyeje? (Pasua, Moshi)

Pole mdogo wangu. Nimepita hapo. Kadi yangu ya kwanza nilinunulia friji la 900,000, nikawa nalipa asilimia 5 ya deni kila mwezi nikidhani nalimaliza. Baada ya miezi 14 bado nilidaiwa zaidi ya nusu, na friji lenyewe lilikuwa limeshajazwa gesi.

Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, 120,000 ya unacholipa mwezi wa kwanza ni riba tupu. Iweke kadi ndani, usiichanje tena hata kwa vocha. Kama pointi zako zinaruhusiwa kugeuzwa hela, zipeleke kwenye deni. Kisha chukua taarifa ya kadi ya miezi mitatu, nenda nayo SACCOS yenu, uulize riba yao ya mkopo. Ikiwa chini ya ya kadi, kopa kiasi cha deni, lifunge, na uiombe benki barua kwamba limekwisha. Niandikie ukiipata.