Mnaoniuliza Kuhusu Ile Fonti ya Ngara

Tangu nibandike picha ya ubao wa kibanda cha maandazi kule Ngara, Nairobi, ujumbe haukomi: "Dada, hiyo fonti umeipakua wapi?" Fonti, yaani seti ya herufi za mtindo mmoja kwenye kompyuta, sikuipakua. Niliichora kwa brashi, herufi moja moja, na nitawaeleza sababu, maana najua nanyi mnataka kazi yenu itambulike mjini.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja mwenye hoteli alinipa kazi ya bango. Jina lake ni la Kikuyu, lina ũ mbili. Nilikuwa nimepata fonti ya bure, ya kuchorwa kwa mkono, herufi zinarukaruka kama watoto waliofunguliwa shule. Nikaipenda papo hapo. Bango likachapishwa River Road, mita tatu. Tulipolitundika, mama akavuka barabara, akalitazama, akanyoosha kidole: "Na hizi mbili ni wageni wa nani?"

Zile ũ zilikuwa nyembamba, zimenyooka wima kama za barua ya serikali. Fonti haikuwa nazo, na programu ilikuwa imeziazima kwa fonti nyingine. Mama alikataa kunimalizia pesa yangu. Lakini pesa si kitu. Aliamini sijui kuandika jina lake. Nililia kwenye matatu hadi Kayole, na bado inaniuma.

Kwa hiyo kabla hujaipenda fonti, andika jina la mteja lote, pamoja na ĩ na ũ zake, na ritifaa ya ng'ombe. Andika lote! Jina la mtu si mahali pa kubahatisha.

Halafu kuna a. Kiswahili kimejaa a. "Maandazi" peke yake ina tatu. Fonti ikiwa na a moja tu, ule mkia uliopinda unajirudia vilevile mara tatu, na jicho linajua hapo hakuna mkono wa mtu. Mimi nilichora tatu: moja ina tumbo, moja imeinama, moja mkia wake umeburuzika. Nikaziingiza kwenye FontForge, programu ya bure ya kutengeneza fonti, nikazipanga zipokezane. Hiyo ndiyo siri ya Ngara.

Na fonti ya mkono kama hiyo msiitumie kila mahali, jamani. Ni ya jina, au neno moja kubwa. Bei ziandikeni kwa herufi tulivu. Vincent Connare wa Microsoft alibuni fonti ya Comic Sans mwaka 1994 kwa ajili ya maneno ya katuni, lakini mimi nimeikuta kwenye tangazo la kifo. Someni leseni pia: "bure" mara nyingi ni kwa matumizi binafsi, na bango la mteja ni biashara.

Lile bango la hoteli lingali pale. Mimi hupita karibu nalo kila Jumamosi. Nimeshachora ũ mpya mbili, nono, zenye kofia zilizokaa upande. Ziko kwenye simu yangu. Jumamosi hii nitaingia nimwonyeshe mama, na sitamtoza hata shilingi.