Kwa nini "where did I live" ilikatwa

Umeuliza kwa nini mwalimu alikata sentensi yako "She asked me where did I live". Kosa ni mpangilio tu. Swali likishaingia kwenye usemi wa taarifa si swali tena, hupangwa kama sentensi ya kawaida: "She asked me where I lived". "Did" inatoka, na alama ya kuuliza inatoka nayo. Swali la ndiyo au hapana huunganishwa kwa "if" au "whether".

Ukirudi kwenye usemi halisi, rudisha "do" na alama za kunukuu: "Where do you live?" Hiyo "you", inayochukua nafasi ya "I", ilinisumbua mimi muda mrefu, kusema kweli. Jiulize kwanza nani alikuwa akiambiwa.